Chupa Chini ya Kitanda

Wazee wetu hawakusumbuka na kuhifadhi pombe, kwani pombe yao haikuwa ya kuwekwa. Mbege ya Uchagani, ya ndizi na ulezi, ilinywewa ilipoiva. Ikikaa siku chache zaidi ilichacha. Mwenye pombe ilimlazimu kuita watu. Bia ya chupa ndiyo iliyomwezesha mtu kuweka yake, afunge mlango na kunywa peke yake. Sina hakika kama hayo yalikuwa maendeleo.

Neno lenyewe "lager" latokana na Kijerumani, maana yake kuweka ghalani. Huko Bavaria, mwaka 1553, watawala walikataza kupika bia majira ya joto, kwa kuwa iliharibika; iliyopikwa wakati wa baridi ikahifadhiwa kwenye mapango na mahandaki yenye barafu. Mashine za kupoza za Carl von Linde, za miaka ya 1870, ndizo zilizowaokoa wapishi na utumwa wa majira. Mwaka 1892 Mmarekani William Painter akapata hataza ya kizibo cha bati, kile ambacho watoto wetu hukiita kisoda na kukichezea.

Kwetu bia hiyo ilifika ikiwa kinywaji cha wakubwa. Kiwanda cha Nairobi kilianza mwaka 1922, cha Dar es Salaam mwaka 1933. Nchini Kenya Mwafrika alizuiwa kisheria kunywa bia ya Kizungu hadi mwaka 1947. Basi ilipopatikana, ilitunzwa kama dhahabu: kreti chini ya kitanda, shuka imeteremshwa hadi sakafuni. Miaka ya mwanzo ya 1980, bidhaa zilipoadimika Tanzania, kitanda kilificha mengi. Na msako wa wahujumu uchumi ulipoanza mwaka 1983, mwenye kreti kadhaa za harusi ya mwanawe alikuwa na sababu ya kutetemeka kila mlango ulipobishwa.

Ajabu ni kwamba pale chini ya kitanda palikuwa mahali pazuri. Adui wa kwanza wa bia ni mwanga. Mwanga wa jua huvunja uchungu utokanao na mmea wa hopi, ukazaa harufu mbaya kama ya mnyama kicheche. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ya kijani kidogo tu, nyeupe karibu si kitu. Muuza duka anayepanga kreti barazani juani anawauzia wateja wake hasara.

Adui wa pili ni joto. Bia nyingi za kiwandani hupashwa moto, kiasi cha nyuzi 60, ili vijidudu vife, kwa hiyo haichachi upesi kama mbege. Lakini haiachi kuzeeka. Hewa kidogo iliyobaki shingoni mwa chupa huifanyia kazi polepole, na kadiri joto linavyozidi kazi hiyo huenda mbio, hata bia ikawa na ladha ya karatasi iliyolowa. Bati la paa la Dar es Salaam mwezi Februari si rafiki yake. Sakafu ya saruji, chumba kisicho na dirisha la magharibi, ndiyo afadhali.

Isimamishwe wima. Mvinyo hulazwa ili gamba la kizibo lisikauke. Kisoda hakihitaji hayo, na bia iliyolazwa hukutana na hewa kwa eneo kubwa zaidi. Kwenye friza isisahauliwe, maji yakiganda hutanuka na chupa hupasuka.

Wengi huogopa kwamba bia iliyopoa ikipata joto wakati wa mgao wa umeme imekwisha kuharibika. Siyo. Irudishwe baridi umeme ukirudi, mradi haikukaa siku nyingi kwenye joto kali. Na wapo wasiojali kabisa. Mhudumu wa baa huuliza, "Ya moto au ya baridi?" na wazee wengi bado hujibu ya moto, wakidai baridi huwaumiza kifua.