Gita la Besi Lenye Umbo la Fidla

Usione vyaelea, vimeundwa. Wahenga walinena hayo juu ya vyombo vya baharini, lakini ala za muziki nazo zimo katika hukumu hiyo. Gita la besi lenye umbo la fidla, lililopata sifa duniani mikononi mwa Paul McCartney wa kundi la Beatles, lina asili mbili: ufundi wa kale na uchache wa fedha.

Mwaka 1887 Karl Höfner alianzisha kazi ya ala za nyuzi huko Schönbach, mji wa mafundi wa fidla katika Bohemia. Baada ya Vita Kuu ya Pili Wajerumani wa huko walifukuzwa, na wengi wa mafundi hao wakapata makazi Bubenreuth, katika Bavaria. Mali waliiacha nyuma, bali ujuzi hawakunyang'anywa. Walter, mwana wa Karl, alipobuni gita la besi la umeme mwaka 1955, alilipa umbo ambalo mikono ya mafundi wake ilikwisha kulizoea. Kampuni ya Gibson ya Marekani ilitangulia kutoa besi ya umbo hilo mwaka 1953, ila ya mbao nzito isiyo na uwazi ndani. Ya Höfner ilikuwa na mvungu kama fidla yenyewe. Basi ikawa nyepesi, na sauti yake nene na laini.

Mwaka 1961 McCartney alikuwa Hamburg, kijana asiyetimiza miaka 20, mwenye kutumia mkono wa kushoto. Kwa maelezo yake mwenyewe, besi ya Fender ilifika kiasi cha paundi 100, naye aliweza paundi 30 hivi. Akachagua Höfner: bei aliimudu, na kwa kuwa pande zake mbili zalingana, halikuwa kioja likigeuzwa. Ufukara ulichagua kwanza, fahari ikafuata. Gita hilo liliibwa London mwaka 1972, likarejeshwa kwake baada ya zaidi ya miaka 50.

Leo sifa hiyo imepandisha bei, na zipo besi nafuu za umbo hilo zitengenezwazo Asia. Mnunuzi asidanganywe na sura. Na atazame kama lina mvungu kweli, kwani humo ndimo itokamo ile sauti. Ajue pia kwamba mvungu huo, karibu na vipaza sauti vikali, huweza kuvuma wenyewe. Apime nyuzi: za Höfner zina urefu wa sentimita 76 hivi, ilhali za Fender hufika 86, na tofauti hiyo ni nafuu kwa vidole vifupi. Atazame shingo kama imenyooka. Kisha abonyeze uzi katikati ya urefu wake: sauti iwe ile ile ya uzi ulioachwa wazi, ila ya juu zaidi.

Likifaulu hayo, unyonge wa bei si aibu. Gita mashuhuri kuliko yote ya aina hii lilinunuliwa na mtu aliyehesabu fedha zake kwanza.