Wakati wa Ngoma na Wakati wa Jembe katika Ugogo

Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, halikuwakemea mabepari peke yao. Liliwageukia wananchi pia, likasema kwamba nguvu za wanaume wengi wa vijijini, na za wanawake wengi wa mijini, zilikuwa zikipotea katika maongezi, ngoma na pombe. Ugogo, nchi ya uwanda wa kati inayouzunguka mji wa Dodoma, ni mahali pafaapo kulipima neno hilo.

Ugogo hupata msimu mmoja tu wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na mvua yenyewe ni haba, wala haiaminiki. Mkulima wa mtama na uwele aliyeikosa juma la palizi hakuweza kulipata tena. Kwa hiyo kazi ilikuwa na miezi yake, na starehe ilikuwa na yake, baada ya mavuno. Wala pombe haikuwa adui wa jembe siku zote. Mwenye shamba aliyezidiwa na magugu alipika pombe akawaita jirani. Wakalima kwanza, wakanywa baadaye.

Hata hivyo, kemeo lile halikuwa bure. Pombe ya nafaka hutoka katika ghala lile lile litoalo ugali. Njaa ya Mtunya, ya 1917 hadi 1920, iliwaua watu kwa maelfu baada ya majeshi ya Vita Kuu kuchukua mifugo, nafaka na vijana. Nchi iliyoonja hayo ilijua kwamba mtungi uliozidi mwezi wa Agosti huweza kuwa chungu kitupu mwezi wa Februari.

Ngoma, kwa upande wake, yataka hukumu nyingine. Wanawake wa Kigogo hupiga muheme wenyewe, na sauti za waimbaji hupangwa kwa ustadi usiopatikana bila kujifunza. Serikali ilitambua hivyo: mwaka 1962 Rais Nyerere aliunda wizara ya utamaduni, na baadaye Hukwe Zawose, fundi wa zeze na marimba kutoka Ugogo, aliitwa Dar es Salaam kulitumikia taifa kwa sanaa yake. Hadi kufariki kwake mwaka 2003, jina lake lilikuwa limevuka bahari.

Basi kosa halikuwa katika kucheza, bali katika kucheza kusiko na mpaka wala mafunzo. Leo simu ya mkononi humletea kijana wa Dodoma mchezo wakati wa mvua na wakati wa jua, kwa bei ndogo, bila kumtaka aimbe, apige wala alime kwanza. Ngoma ya wazee ilingoja mavuno. Mchezo huu haungoji lolote, na msimu wa palizi ungali mmoja tu kwa mwaka.