Kabla ya Carterfone: viziwi wa California na kibali cha modemu

Waandishi wengi wa historia ya modemu huanzia mahali pamoja: Juni 1968, siku Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ilipoamua kwamba kampuni ya simu ya AT&T haina haki ya kuzuia kifaa cha Thomas Carter wa Texas kuunganishwa na mtandao wa simu. Carterfone kilikuwa kitako cha kulazia mkono wa simu, ili sauti ipite kwenda kwenye redio ya upepo na mtu aliye mbali kwenye visima vya mafuta aongee na mjini. Tangu siku hiyo, tunaambiwa, mlango ukawa wazi, na modemu na mashine za faksi zikapita.

Sikubaliani na masimulizi hayo. Miaka minne kabla ya Carter kushinda, modemu ilishakuwa inafanya kazi katika nyumba za watu California. Na baada ya ushindi wake ilipita karibu miaka kumi kabla mtumiaji wa kawaida hajaruhusiwa kuchomeka modemu yake moja kwa moja kwenye laini ya simu. Kitabu kinachoonyesha haya vizuri ni A Phone of Our Own cha Harry Lang, kilichotolewa na Gallaudet University Press mwaka 2000. Kimewekwa kwenye rafu ya vitabu vya ulemavu, na wanaoandika kuhusu sheria za mawasiliano hawafiki sana kwenye rafu hiyo.

Masharti ya AT&T, yaliyosajiliwa FCC kama jedwali namba 132, yalikataza kifaa chochote kisichotolewa na kampuni kuunganishwa na mtandao wake, iwe kwa waya, kwa nguvu ya sumaku, au kwa namna nyingine yoyote. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyokuwa na sumu. Kampuni ilishajaribu kuyatumia dhidi ya Hush-A-Phone, kikombe kisicho na umeme wala waya, kinachopachikwa kwenye mdomo wa simu ili aliye jirani asisikie maongezi. FCC iliiunga mkono kampuni mwaka 1955, na mahakama ya rufaa ikatengua uamuzi huo mwaka uliofuata. Eti kikombe kingedhuru mtandao wa taifa! Hoja hiyo sioni sababu ya kuipotezea muda.

Robert Weitbrecht alikuwa mwanafizikia, mpenzi wa redio, na kiziwi tangu kuzaliwa. James Marsters, daktari wa kunyoosha meno mjini Pasadena, naye kiziwi, alimpelekea teleprinta kuukuu, mashine ya kutuma na kuchapa maandishi kwa waya, na swali: mashine hizi haziwezi kuongea kwa simu ya kawaida? Mei 1964 waliongea, Weitbrecht akiwa Redwood City. Kwa kuwa kugusa waya wa kampuni ilikuwa marufuku, alipitia sauti. Unapiga namba, unalaza mkono wa simu kwenye kifaa, na kila herufi unayoipiga inageuzwa mfuatano wa milio ya aina mbili, mmoja wa mitetemo 1400 kwa sekunde, mwingine 1800. Upande wa pili milio hiyo inageuzwa tena kuwa herufi kwenye karatasi. Ugumu ulikuwa mwangwi wa laini za mbali, ambao ulirudi na kuharibu maandishi. Weitbrecht akafanya mlio ukatike kila vidole vinapotulia.

Maongezi yalikwenda kwa zamu. Ukimaliza sentensi yako unaandika GA, yaani haya, sema wewe. Ukitaka kukata simu unaandika SK. Teleprinta zenyewe zilikuwa chuma kizito kilichostaafishwa maofisini, na kelele zake zilikuwa shida ya majirani kuliko ya mwenye nyumba. Simu inapoita, taa inawaka na kuzima. Andrew Saks, mfanyabiashara kiziwi, akaungana nao kuanzisha kampuni ya kuuza kifaa hicho. Kwa mujibu wa masharti ya jedwali 132 walikuwa wanavunja sheria, maana "namna nyingine yoyote" inabeba hata sauti inayopita hewani. Waliendelea tu. Nani angempeleka mahakamani kiziwi kwa kosa la kupiga simu?

Ni mwaka uleule wa Carterfone ambapo AT&T ilikubali kuwaachia viziwi teleprinta zake za zamani.

Sasa turudi kwa Carter. Aliposhinda, AT&T iliandika masharti mapya yaliyoanza Januari 1969. Kifaa cha kupitisha sauti hewani kiliruhusiwa. Anayetaka kuunganisha modemu yake kwa waya alipaswa kwanza kukodi kwa kampuni kisanduku cha "kulinda mtandao", na kukilipia kila mwezi. Yaani mshindani wa kampuni hauzi kitu mpaka mteja wake awe mpangaji wa kampuni hiyohiyo.

Je, hofu ya madhara ilikuwa ya uongo mtupu? Hapana, na hapa mafundi wanastahili kusikilizwa kuliko mawakili. Mwaka 1970 Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ilitaja hatari za kweli: volti zinazoweza kumuumiza fundi aliye juu ya nguzo, ishara kali zinazoingilia laini nyingine, laini kukosa uwiano wa umeme, na kifaa kuitumia mitambo ya simu amri zisizo sahihi. Lakini ripoti hiyohiyo ilitaja njia ya pili mbali na kisanduku: vifaa vipimwe kwa viwango vilivyo wazi kisha vithibitishwe. FCC ilichukua njia hiyo mwaka 1975. Kampuni za simu zikakimbilia mahakamani, na milango ya rufaa ikafungwa mwaka 1977. Kuanzia hapo mtengenezaji alipimisha muundo wa kifaa chake mara moja tu, akapata namba ya usajili, akaibandika chini ya modemu. Smartmodem ya Hayes, iliyotoka 1981 ikienda kwa baudi 300, ilichomekwa ukutani bila kuomba ruhusa ya muuza laini. Kwangu mimi, mwaka wa kukumbuka ni 1977.

Kibali chenyewe hakina ubaya, mradi anayekitoa si muuzaji. Mtanzania aliyeshuhudia TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi yake, ikizima simu feki Juni 2016 anaweza kulalamikia hasara, ila aliyezima hauzi simu wala laini. Ujerumani Magharibi haikuwa hivyo. Bundespost, shirika la serikali la posta na simu, ilimiliki laini, ilikodisha modemu, na idara yake ya Darmstadt ndiyo iliyotoa namba za kibali, huku sheria ya 1928 ikitishia kifungo cha hadi miaka mitano kwa anayekaidi. Mwaka 1985 vijana wa Chaos Computer Club, klabu ya wadukuzi, walichapisha maelekezo ya kujitengenezea modemu ya sauti kwa kutumia mipira ya mabomba ya choo, wakaiita Datenklo, choo cha data. Ukiritimba huo wa vifaa ulikoma mwaka 1990. Uingereza nako modemu yenye pembetatu nyekundu, alama ya kifaa kisicho na kibali, iliuzwa dukani kihalali, kosa likawa kuichomeka.

Waliobaki na makovu ya enzi ya vibali vya nchi mojamoja ni walewale walioanza. Simu za maandishi za viziwi zilikua kila moja ndani ya mipaka yake. Marekani ilibaki na milio ya Weitbrecht, Wajerumani, Waaustria na Waswisi wakawa na mfumo wao wa baudi 110, Ufaransa ikatumia Minitel, Denmark na Uholanzi zikatumia milio ya vitufe vya simu. Kiziwi wa Paris hakuweza kumpigia kiziwi wa Berlin. Mwaka 1994 Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, ulitoa pendekezo V.18, ambalo halikuchagua mfumo mmoja. Linaagiza kifaa kisikilize laini, kijaribu mfumo mmoja baada ya mwingine, mpaka kitambue ni mashine ya nchi gani inayopiga.