Mlisaini Nini?

Meza yetu ilikuwa ya mwisho kabisa, karibu na mlango wa choo. Kulia kwetu alikaa msichana anayeuza stika za paka. Kushoto walikuwa majamaa wawili wa michezo ya kompyuta, na spika yao haikunyamaza tangu saa tatu asubuhi. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kuweka meza kwenye tamasha la komiki hapa Nairobi. Mimi naandika, mwenzangu anachora. Tulikuwa na nakala hamsini za kitabu cha kurasa kumi na sita, tulizochapisha River Road kwa pesa za dadake. Kufikia saa nane tulikuwa tumeuza saba, na mbili kati ya hizo zilinunuliwa na huyo huyo dada.

Ndipo akaja mzee mmoja, koti la kijivu, miwani imefungwa kwa uzi. Alituambia amechorea magazeti kabla sisi hatujazaliwa. Alifungua kitabu chetu katikati akaanza kuangalia mikono ya wahusika, mmoja mmoja. Mchoraji mvivu, alisema, humtambua haraka: watu wake wote wana mikono mfukoni. Mwenzangu alicheka kidogo, kwa sababu ukurasa wa tisa tunajijua.

Halafu akaona zile kurasa za mfano tulizobandika ukingoni mwa meza. Zilikuwa za komiki ya afya tuliyofanyia shirika fulani miaka miwili nyuma, hadithi ya msichana mwendesha boda.

"Hii ni yenu?"

"Ni yetu, mzee."

"Mkono ni wenu, hiyo naona. Nauliza ni ya nani."

Tukamweleza. Kurasa ishirini na nne, shilingi elfu arobaini. Akauliza, elfu arobaini kwa ukurasa? Tukasema hapana mzee, zote pamoja. Hakucheka. Tukaendelea kumwambia vile baadaye tulimwona msichana wetu kwenye tisheti, kisha kwenye ukuta wa kliniki, kisha kwenye filamu fupi ya vibonzo ambayo hata hatukualikwa kuitazama. Tulipopiga simu tuliambiwa turudi tusome mkataba.

"Na mlisaini nini?"

Mwenzangu akatoa simu akaanza kutafuta kwenye barua pepe. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Nilirudi nyumbani na hilo swali. Chuo niliacha mwaka wa pili lakini kusoma sijaacha, basi wiki hiyo nilisoma kuhusu haya matamasha: yalianza wapi, na watu walikuwa wakitafuta nini walipoanza kukutana. Nilidhani nitapata hadithi ya mavazi na mashabiki. Nikapata hadithi ya watu waliokuwa wakichora peke yao, kila mtu kwake, bila kujua jirani analipwa ngapi.

Mchukue Jack Kirby. Alizaliwa mwaka wa 1917 Lower East Side, mtaa wa maskini wa New York, mtoto wa wahamiaji Wayahudi. Yeye na Joe Simon ndio waliomuumba Captain America, na jalada la toleo la kwanza, la Machi 1941, lilimwonyesha akimtwanga Hitler ngumi ya taya wakati Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani. Miaka ya sitini akiwa na Stan Lee kule Marvel walitoa Fantastic Four, Hulk, Thor na X-Men, moja baada ya nyingine, kwa kasi ambayo mimi siwezi kuielewa hadi leo. Katika toleo la Julai 1966 la Fantastic Four wakamleta T'Challa, mfalme wa Wakanda.

Kazi yote hiyo Kirby aliifanyia nyumbani, kwenye chumba kidogo chini ya nyumba ambacho yeye mwenyewe alikiita Dungeon, kama gereza la ngomeni. Hakuwa mwajiriwa mwenye pensheni. Alilipwa kwa ukurasa. Na hundi za Marvel zilikuwa na maneno yaliyochapishwa nyuma, pale mahali unapotia saini ndio benki ikupe pesa zako: ukisaini, umeachilia haki zote za kazi hiyo. Hebu fikiria uko na watoto wanne na kodi ya nyumba, mtu amekupa hundi, na kalamu iko mezani. Utasoma nyuma?

Kirby hakuwa wa kwanza. Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wa Cleveland, walimuuza Superman mwaka wa 1938 kwa dola 130. Si 130 kwa mwezi. Basi.

Mwaka wa 1969 Kirby alihamia California. Huko San Diego kulikuwa na mtu anayeitwa Shel Dorf, ambaye alikuwa amesaidia kuendesha tamasha la mashabiki kwao Detroit miaka ya sitini. Dorf alikusanya vijana wa mtaa waliopenda komiki, wengine bado wako shule ya upili, akawapeleka nyumbani kwa Kirby. Yaani mtu aliyechora utoto wao wote aliwafungulia mlango. Vijana hao ndio waliobeba viti. Mnamo Machi 21, 1970 walifanya kikao cha siku moja cha kuchangisha pesa, na Agosti mwaka huo wakafanya cha siku tatu katika hoteli ya U.S. Grant. Walikuja watu kama 300. Kirby alikuwa mgeni, na mwandishi Ray Bradbury pia. Leo tamasha hilo linaitwa Comic-Con, linapokea watu zaidi ya 130,000, na kampuni za filamu hulipa pesa nyingi kusimama pale.

Lakini mimi nataka tubaki kwenye wale 300, kwa sababu nimeshakaa kwenye meza ya tamasha dogo na najua kinachofanyika. Asubuhi unauza. Mchana umechoka, njaa inauma, unaanza kuongea na wa meza ya pili. Wewe unatumia wino gani? Karatasi unatoa wapi? Yule mhariri alikulipa? Hayo mazungumzo ya mwisho ndiyo yalikuwa hayapo miaka ya arobaini na hamsini, wakati kila mchoraji alikuwa anapeleka kurasa zake ofisini na kurudi kwake. Mchapishaji alijua bei za wote. Wao kwa wao hawakuambiana.

Wakianza kuonana, mambo hubadilika, ingawa polepole na si kwa wote. Mwaka wa 1975, Superman akiwa karibu kuwa filamu kubwa, Siegel alikuwa karani Los Angeles na Shuster alikuwa karibu kupofuka kabisa. Siegel aliandika barua ya hasira akaisambaza kwa vyombo vya habari. Wachoraji wenzao, Neal Adams na Jerry Robinson, wakaingia, wakapiga simu, wakaenda kwa televisheni na magazeti. Desemba mwaka huo kampuni ikakubali kuwalipa wazee hao dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka, na majina yao yakarudishwa kwenye kurasa za Superman. Haki ya mhusika mwenyewe ilibaki kwa kampuni.

Adams huyo huyo alijaribu tena mwaka wa 1978. Sheria mpya ya hakimiliki ilikuwa imeanza kufanya kazi Marekani, na Marvel ikawapa wasanii karatasi ya kusaini kwamba kazi zao zote ni za kuagizwa, mali ya kampuni. Adams aliita wenzake mkutano, akasambaza nakala ya karatasi hiyo akiwaonya wasiisaini. Alitaka waunde chama. Chama hakikusimama. Watu walikuwa na kodi za kulipa, na daima kulikuwa na kijana mwingine nje ya mlango aliye tayari kuchora kwa bei yoyote. Hapo sikuhitaji kamusi. Huyo kijana wa nje ya mlango, miaka miwili nyuma, nilikuwa mimi.

Na Kirby? Miaka ya themanini Marvel ilikuwa ikiwarudishia wachoraji kurasa zao za mkono, zile walizochora kwa penseli na wino. Wengine walipewa fomu ya ukurasa mmoja. Kirby, mwaka wa 1984, alipewa ya kurasa nne. Asaini kwamba hana dai lolote, na kurasa atakazopewa asizionyeshe hadharani wala asiziuze. Na angepewa ngapi kati ya maelfu aliyochora? 88. Akakataa. San Diego ikageuka mahali pa kuongea jambo hilo. Vijana waliolelewa na kazi zake walikuwa sasa watu wazima wenye majina. Mwaka wa 1985 Alan Moore alitoka Uingereza akaja kule na kukutana naye. Mwaka uliofuata zaidi ya wasanii mia moja walitia saini ombi lililochapishwa kwenye jarida la The Comics Journal, wakidai mzee apewe kurasa zake. Mwaka wa 1987 alizipata takriban 1,900. Alifariki Februari 1994. Familia yake ilipatana na Marvel nje ya mahakama Septemba 2014, karibu miaka hamsini baada ya T'Challa kuchorwa.

Februari 2018, filamu ya Black Panther ilipozinduliwa Kisumu, nyumbani kwao Lupita, nilitazama picha za watu wamevaa kitenge wakipiga foleni, na nikafurahi kama kila mtu. Jina la Kirby sikuwa nalijua.

Japani nao walifika kwa njia nyingine. Mnamo Desemba 1975, mwezi uleule wa Siegel na Shuster, kikundi cha vijana Tokyo kilifanya soko la vitabu vya komiki ambavyo watu wamejichapishia wenyewe. Walikuwa wamechoshwa na tamasha lililokuwapo, ambalo lilimfungia nje mtu aliyelikosoa. Meza 32, watu kama 700, wengi wao wasichana wa shule. Wakaliita Comiket. Wana kanuni moja ninayoipenda kuliko zote: pale hakuna mteja. Anayeuza, anayenunua na anayebeba viti, wote wanaitwa washiriki. Mwaka wa 2019 washiriki hao walipita laki saba kwa siku nne.

Sasa sisi. Usidhani tulianza juzi kwa sababu tumeanza kukodi kumbi juzi. Edward Gitau alikuwa anamchora Juha Kalulu kwa Kiswahili tangu kabla ya Uhuru, na vizazi vya wasomaji wa Taifa Leo viliufungua huo ukurasa kwanza, siasa baadaye. Nyanya yangu alikuwa mmoja wao. Mwaka wa 1973 Hilary Ng'weno na Terry Hirst, Mwingereza aliyekuja kufundisha sanaa akakaa hapa maisha yake yote, walianzisha jarida la Joe. Humo Gitau alikuwa na nafasi, Hirst alikuwa na Daddy Wasiwasi wake, na hadithi fupi zilikaa pamoja na katuni bila kuoneana haya. Lilikufa mwaka wa 1979. Nikilitazama leo naona lilifanya kazi ambayo ukumbi hufanya: liliwakutanisha watu. Hirst baadaye akaja na Pichadithi, ngano zetu kwa picha. Frank Odoi akaja kutoka Ghana na kutupa Golgoti, mzungu anayepotea Afrika. Gado akaja kutoka Dar mwaka wa 1992. Nairobi ilikuwa meza kubwa hata kabla ya stika za paka.

Odoi alikufa Aprili 2012, kwenye ajali ya matatu hapa Nairobi. Huwa nalikumbuka hilo nikiwa kwenye matatu usiku na kurasa za mwenzangu mapajani.

Kitu kimoja nilichosoma kilinikosesha usingizi, na si cha Marekani. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 inasema kazi ukiagizwa na mtu, au ukiifanya ukiwa umeajiriwa, hakimiliki inahesabiwa imehamia kwa aliyeagiza au mwajiri, isipokuwa mmekubaliana vingine. Soma tena hayo maneno ya mwisho. Yaani ukinyamaza, umeshatoa. Kirby alihitaji kusaini nyuma ya hundi. Sisi hata hundi hatuhitaji, kwa sababu tulilipwa kwa M-Pesa.

Turudi pale mezani. Mwenzangu alipata mkataba kwenye simu. Kurasa mbili. Mzee aliusoma akiwa ameinua miwani, taratibu, kama mtu anayesoma matokeo ya hospitali ya mtu mwingine. Akaturudishia simu, akanunua nakala moja kwa mia tatu, akakataa chenji. Kabla aondoke alisema tugeuze moja ya zile karatasi za matangazo, tuandike nyuma kila kazi tuliyowahi kulipwa, kurasa ngapi, pesa ngapi, halafu tuzunguke meza zote tukiuliza wengine.

Tuliona aibu. Nairobi utamuuliza mtu analala na nani kabla umuulize analipwa ngapi. Lakini ilikuwa saa kumi, watu walikuwa wamepungua, basi tukaanza na wa karibu.

Msichana wa stika za paka alikuwa ameshawahi kufanyia shirika lilelile. Kurasa nane. Walimlipa elfu tano kwa ukurasa, na mhusika alibaki wake, imeandikwa. Tulimwuliza alifanyaje. Akasema aliwaandikia barua pepe akaomba hicho kipengele kitolewe, wakakitoa siku hiyohiyo.

Mwenzangu alipiga hesabu kwenye simu: shilingi 1,666 kwa ukurasa, sisi. Akaiandika kwenye karatasi, chini ya yake. Tukaenda meza inayofuata.