Walinzi wa Ushuru Pwani ya Uingereza

Zamani huko Uingereza, chai ya thamani ya shilingi 100 ililipiwa ushuru wa shilingi 119! Magendo yakazidi, yaani kuingiza bidhaa kwa siri. Mwaka 1784 ushuru huo ukashushwa hadi shilingi 12 na nusu, na magendo ya chai yakafifia. Yakabaki ya tumbako na pombe kali.

Baharini zililinda merikebu za doria. Nchi kavu, askari wapanda farasi, nao wachache. Aliyeziponyoka merikebu alishusha mizigo ufukoni usiku. Ndipo mwaka 1809 kikawekwa kikosi cha tatu, cha mashua. Lakini kila kikosi kilikuwa na wakubwa wake, hata mwaka 1822 vyote vitatu vikaunganishwa chini ya forodha. Walinzi walipelekwa mbali na kwao, wasije wakawafumbia macho ndugu zao.