Sing Street

Sing Street ni filamu ya vichekesho na muziki ya mwaka 2016 kutoka nchini Ireland, iliyoandikwa na kuongozwa na John Carney. Inasimulia habari za Conor Lawlor, mvulana wa mjini Dublin mwaka 1985, ambaye anamdanganya msichana kwamba ana bendi ya muziki, kisha inambidi aiunde kweli. Waigizaji wakuu ni Ferdia Walsh-Peelo, Lucy Boynton na Jack Reynor.

Filamu ilioneshwa kwa mara ya kwanza mnamo Januari 2016 katika Tamasha la Filamu la Sundance nchini Marekani. Ilianza kuoneshwa katika majumba ya sinema ya Ireland tarehe 17 Machi 2016. Ina urefu wa dakika 106.

## Jina

Jina la filamu ni mchezo wa maneno. Synge Street ni mtaa wa Dublin wenye shule iliyoanzishwa kwa ajili ya wavulana na mabruda Wakatoliki wa shirika la Christian Brothers. Neno "Synge" hutamkwa sawa na neno la Kiingereza "sing", yaani "imba". Katika hadithi, vijana wanaipa bendi yao jina la shule yao kwa kubadilisha tahajia tu. John Carney mwenyewe alisoma katika shule hiyo.

## Mazingira ya kihistoria

Katika miaka ya 1980 Ireland ilikuwa katika hali ngumu ya uchumi. Mwaka 1985 zaidi ya asilimia 15 ya wenye uwezo wa kufanya kazi hawakuwa na ajira, na vijana wengi walivuka bahari kwenda Uingereza kutafuta maisha. Mahali palipotajwa zaidi ni London.

Talaka ilikuwa imekatazwa na katiba ya mwaka 1937. Kura ya maoni ya mwaka 1986 ilikataa kuiruhusu, na ile ya mwaka 1995 iliikubali kwa tofauti ya chini ya asilimia moja. Ndiyo maana katika filamu wazazi wa Conor wanaweza kutengana lakini hawawezi kuachana kisheria. Adhabu ya viboko shuleni ilikuwa imeondolewa mwaka 1982, lakini filamu inaonesha mkuu wa shule ambaye bado anatumia nguvu dhidi ya wanafunzi.

## Hadithi

Familia ya Lawlor inaishiwa pesa. Baba, Robert, hapati kazi za kutosha, na yeye na mkewe Penny wanagombana kila siku. Ili kupunguza matumizi wanamtoa Conor katika shule ya Wajesuiti yenye ada na kumpeleka Synge Street. Huko anaonewa na mwanafunzi mkorofi, Barry, na kuandamwa na mkuu wa shule, Bruda Baxter, kwa sababu viatu vyake ni vya kahawia na kanuni inataka vyeusi. Mzazi hana pesa ya kununua vingine, kwa hiyo Conor anaamriwa kutembea shuleni na soksi tu.

Ng'ambo ya barabara anamwona Raphina, msichana anayemzidi umri kidogo, anayeishi katika nyumba ya kulelea wasichana na kutaka kwenda London kuwa mwanamitindo. Conor anamwomba aigize katika video ya bendi yake, naye anakubali. Tatizo ni kwamba bendi haipo.

Conor anasaidiwa na Darren, kijana mfupi mwenye maneno mengi anayejifanya meneja na mpiga picha. Wanampata Eamon, anayepiga karibu kila chombo na kufuga sungura. Wanamfuata pia Ngig kwa sababu moja tu: ni kijana mweusi, nao wanadhani lazima atakuwa mwanamuziki. Filamu inawacheka kwa dhana hiyo, ingawa kweli Ngig anapiga kinanda. Larry na Garry nao wanajiunga.

Mwalimu halisi wa Conor ni kaka yake mkubwa, Brendan, aliyeacha chuo na kukaa nyumbani akivuta bangi na kusikiliza santuri. Brendan anamkataza kupiga nyimbo za watu wengine na kila mara anampa santuri mpya ya kujifunza. Conor akisikiliza Duran Duran, bendi inavaa na kuimba kama Duran Duran. Akipewa The Cure, nywele na nyimbo zinabadilika tena. Anapokuja shuleni na vipodozi usoni, Bruda Baxter anamwosha kwa nguvu kwenye sinki.

Raphina anaondoka kwenda London na mpenzi wake mkubwa, lakini anarudi baada ya muda mfupi. Mwanamume huyo alimpiga, na ahadi zake hazikuwa na msingi. Wakati huohuo wazazi wa Conor wanaamua kutengana na kuuza nyumba. Bendi inapiga katika dansi ya shule ya kufunga muhula, na kumaliza kwa wimbo wa kumdhihaki Baxter, huku watazamaji wakivaa barakoa zenye sura yake. Barry, yule mkorofi, sasa amepewa kazi ya kuilinda na kubeba vyombo vya bendi.

Usiku huo Conor na Raphina wanamwamsha Brendan awapeleke bandarini kwa gari. Wanaingia katika boti ndogo ya marehemu babu yake Conor na kuelekea Welisi, wakiwa na nyimbo zao na picha za Raphina. Mvua inanyesha, bahari imechafuka, na hadithi inaisha kabla hawajafika.

## Waigizaji

* Ferdia Walsh-Peelo – Conor Lawlor
* Lucy Boynton – Raphina
* Jack Reynor – Brendan Lawlor
* Maria Doyle Kennedy – Penny, mama
* Aidan Gillen – Robert, baba
* Kelly Thornton – Ann, dada
* Mark McKenna – Eamon
* Ben Carolan – Darren
* Percy Chamburuka – Ngig
* Conor Hamilton – Larry
* Karl Rice – Garry
* Ian Kenny – Barry
* Don Wycherley – Bruda Baxter

## Maudhui

Mhusika anayebeba uzito wa filamu ni Brendan. Katika mgogoro mmoja na mdogo wake anamweleza kwamba yeye kama mtoto wa kwanza ndiye aliyefyeka njia katika msitu wa ugomvi wa wazazi wao, na Conor akapita baadaye katika njia iliyokwisha kuwa wazi. Brendan ana kipaji na ujuzi, lakini hakuondoka wakati wake ulipofika. Furaha yake boti inapotoka bandarini inatokana na kumwona mdogo wake akifanya alichoshindwa yeye. Mwishoni filamu imetolewa kwa heshima ya ndugu wa kiume popote walipo.

Jambo la pili ni kuiga. Bendi inaanza kwa kunakili mitindo ya wengine, na filamu haioni aibu katika hilo. Conor anaiga hadi anapata sauti ya kusema mambo yake mwenyewe: viatu vyake, shule yake na wazazi wake. Katika kurekodi video ya wimbo mmoja anawaza dansi ya shule ya Kimarekani ambamo wazazi wake wanapendana na kaka yake anafika juu ya pikipiki. Ndoto inapokatika, anabaki katika ukumbi wa shule na vijana wachache wasiojua kucheza.

## Utengenezaji na muziki

Carney alikuwa mpiga besi wa bendi ya The Frames ya Dublin kabla ya kuingia katika filamu. Alijulikana kimataifa kwa filamu ya *Once* (2007), ambayo wimbo wake "Falling Slowly" ulishinda Oscar, na baadaye *Begin Again* (2013). Hadithi ya *Sing Street* inatokana kwa sehemu na ujana wake mwenyewe. Bajeti ilikuwa takriban dola milioni 4 za Marekani. Kwa Walsh-Peelo hii ilikuwa filamu ya kwanza.

Nyimbo za bendi zilitungwa kwa ajili ya filamu, nyingi na Carney pamoja na Gary Clark, mwanamuziki wa Uskoti aliyeongoza bendi ya Danny Wilson katika miaka ya 1980. Miongoni mwake ni "The Riddle of the Model", "Up", "A Beautiful Sea", "To Find You", "Drive It Like You Stole It" na "Brown Shoes". Wimbo wa "Go Now" unaimbwa na Adam Levine. Zinasikika pia nyimbo za wakati huo za Duran Duran, The Cure, The Jam, a-ha na Hall & Oates.

## Mapokezi

Filamu ilipokewa vizuri na wahakiki. Zaidi ya asilimia 90 ya mapitio yaliyokusanywa na tovuti ya Rotten Tomatoes yaliisifu. Iliingiza zaidi ya dola milioni 13 duniani. Iliteuliwa kuwania Golden Globe ya filamu bora ya muziki au vichekesho, tuzo iliyochukuliwa na *La La Land*. Jack Reynor alishinda tuzo ya mwigizaji msaidizi bora ya Chuo cha Filamu na Televisheni cha Ireland. Hakuna wimbo wa filamu hii ulioteuliwa kuwania Oscar.

## Tamthilia

Mwandishi Enda Walsh aliigeuza filamu kuwa tamthilia ya muziki, iliyooneshwa New York mwishoni mwa mwaka 2019. Ilipangwa kuhamia Broadway mwaka 2020, lakini janga la UVIKO-19 lilizuia. Ilioneshwa Boston mwaka 2022.