MUNGU ALIYEITWA WELE

Somo: Matendo ya Mitume 17:16–34

 

Liko swali ambalo Wakristo wengi wa sehemu zetu hulibeba moyoni bila kuliuliza kwa sauti. Babu zetu waliokufa kabla Injili haijafika chini ya Mlima Elgon, walipoinua mikono asubuhi na kuomba, walikuwa wakimwomba nani? Je, yupo Mungu wa Wazungu na Mungu wa Waafrika? Au Mungu ni mmoja, na kama ni mmoja, kwa nini tuhubiri? Swali hili si la wasomi wa vyuo peke yao. Kijana hulikuta siku ya tohara, mjane hulikuta matangani, na kila mmoja wetu hulikuta jirani yake anaposwali msikitini. Tena liliwahi kumwaga damu hapa hapa kwetu. Basi leo na tuitazame historia, kisha tuulize Neno la Mungu lasemaje.

Wabukusu walimjua Mungu kwa jina la Wele. Walimwita Wele Khakaba, maana yake Mungu Mpaji, yeye agawaye watu riziki zao. Hakuna mmisionari aliyewafundisha jina hilo. Walilirithi kwa baba zao, kama vile majirani zao walivyorithi jina la Nyasaye. Pamoja na Wele, waliwaheshimu wahenga waliotangulia, ambao roho zao huitwa misambwa. Mtu alipougua, au mvua ilipokawia, sadaka ilitolewa na majina ya wazee yakatajwa.

Mwaka 1902 wamisionari wa Kanisa la Friends, yaani Marafiki, walifika Kaimosi kutoka Marekani. Miaka michache baadaye Wakatoliki wa shirika la Mill Hill walifika Mumias. Kutoka huko Injili ilipanda kaskazini hata Lugulu na Kibabii. Wamisionari walileta shule, dawa, ufundi na Kitabu, na mambo hayo twayashukuru hata leo. Lakini wengi wao waliyatazama mambo ya kale yote kwa jicho moja. Pombe ya sherehe, wake wengi, sadaka, majina ya wahenga, ngoma, yote waliyatia katika gunia moja wakaandika juu yake: giza.

Tena kumbukeni kwamba Injili haikufika katika nchi iliyotulia. Mwaka 1895, miaka saba kabla ya Kaimosi, jeshi la Waingereza chini ya Hobley liliishambulia ngome ya Wabukusu huko Chetambe, kwenye vilima vilivyo juu ya Webuye. Watu wengi walikufa pale. Kwa hiyo mzee aliyemsikia mhubiri mweupe akisema habari za upendo, alikuwa bado ana kaburi la ndugu yake akilini.

Katika nchi hiyo alizaliwa Elijah Masinde, huko Maeni karibu na Kimilili, yapata mwaka 1910. Yatupasa kukumbuka kwamba Masinde alikuwa mtoto wa kanisa. Alikuwa muumini wa Kanisa la Friends, na jina alilojulikana nalo ni la nabii wa Biblia. Tena alikuwa mchezaji hodari wa mpira wa miguu, hata akachaguliwa kuichezea Kenya. Walioandika historia yake wasema kwamba alipooa mke wa pili alitengwa na kanisa. Katika miaka ya vita vya pili vya dunia akasimama kuhubiri kwamba Waafrika wairudie ibada ya baba zao, na Wazungu waondoke katika nchi. Chama chake kikaitwa Dini ya Msambwa.

Serikali ya kikoloni ilimkamata mwaka 1945, ikampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi. Alipofunguliwa mwaka 1947, hakunyamaza. Wafuasi wake walikusanyika kule Chetambe, wakatoa sadaka mahali walipoanguka babu zao. Februari 1948 umati ulikusanyika Malakisi, polisi wakapiga risasi, na watu 11 wakafa. Dini ya Msambwa ikapigwa marufuku, na Masinde akahamishiwa mbali, Lamu. Lakini marufuku haikuizima. Ilienea katika mashamba ya walowezi wa Trans Nzoia, kuzunguka Kitale, ambako Wabukusu wengi walikuwa maskwota, wakilima ardhi iliyokuwa imehesabiwa kuwa ya Wazungu. Ilifika pia kwa Wapokot. Huko Kolloa, Baringo, mwaka 1950, kiongozi wao Lukas Pkiech aliuawa pamoja na wafuasi wake wengi, na maofisa wa serikali wakafa vilevile.

Huenda msikilizaji atasema: hayo yalikuwa makosa ya wakoloni, Uhuru ulipokuja yaliisha. La, hayakuisha. Dini ya Msambwa iliruhusiwa baada ya Uhuru, lakini mwaka 1968 serikali ya Kenya huru iliipiga marufuku tena, na Masinde akaingia gerezani mara nyingine. Alikufa mwaka 1987. Ndipo twaona kwamba jambo hili halikuwa ugomvi wa Mzungu na Mwafrika tu. Ndani yake kulikuwa na swali la dini, na swali la dini halijibiwi kwa pingu.

Sasa angalieni jambo la ajabu. Masinde aliyewaita watu warudi kwa wahenga, hakuweza kuitupa Biblia. Wafuasi wake waliuita Mlima Elgon Sayuni. Alihubiri kama manabii wa Agano la Kale, akiwakemea wenye nguvu. Aliondoka kanisani, lakini kitabu cha kanisa kilitoka pamoja naye. Kumbe watu hawa hawakuwa wamemkataa Mungu wa Biblia. Walikuwa wamekataa kuambiwa kwamba Mungu huyo alianza kuijua nchi yao mwaka 1902.

Je, kanisa lafundishaje juu ya jambo hili? Wakristo wenyewe wamelijadili muda mrefu. Mwaka 1910, huko Edinburgh, wajumbe wa misheni mbalimbali walikutana, na wengi wakasema kwamba Kristo hakuja kuzitupa hamu njema za dini nyingine, bali kuzitimiza. Mwaka 1938, huko Tambaram katika nchi ya Uhindi, mwalimu Mholanzi Hendrik Kraemer alionya kwamba Injili si tunda la dini yoyote ya wanadamu. Ni Neno litokalo juu, linalozihukumu dini zote, hata dini yetu sisi tujiitao Wakristo. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitangaza kwamba Kanisa Katoliki halikatai lolote lililo kweli na takatifu katika dini nyingine, na papo hapo ukasema kwamba Kanisa lazima limhubiri Kristo. Naye Mkenya mwenzetu, Profesa John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini za Kiafrika, aliwaonyesha walimwengu kwamba Waafrika walimjua Mungu kabla ya misheni. Kwa maoni yake, ujuzi huo ulikuwa matayarisho ya Injili.

Basi turudi kwenye somo letu. Mtume Paulo alifika Athene, mji uliojaa sanamu, na roho yake ikachukizwa. Lakini aliposimama mbele ya wazee wa mji, hakuanza kwa matusi. Alikuwa ametembea na kutazama. Aliiona madhabahu moja iliyowekwa kwa ajili ya Mungu asiyejulikana, akaanzia hapo. Akawaambia kwamba yule wanayemwabudu bila kumjua, ndiye anayewahubiri. Hata akataja maneno ya washairi wao wenyewe kuwa ushahidi.

Ndugu, mngedhani Paulo angefanya nini kama angefika Bungoma? Twaamini angeketi kwanza na wazee. Angeuliza: huyu Wele Khakaba ni nani? Amewapa nini? Naye angesikia kwamba Mpaji ndiye aliyeumba, ndiye anayeleta mvua, ndiye anayewapa watu watoto. Ndipo angesema: Mpaji huyo ametoa zaidi ya mvua. Amemtoa Mwanawe.

Lakini Paulo hakuishia kwenye kusifu madhabahu. Aliwaambia Waathene watubu, akawahubiri ufufuo. Hapo ndipo walipogawanyika. Wengine walicheka, wengine walisema watamsikiliza siku nyingine, na wachache waliamini, akiwamo Dionisio na mwanamke aitwaye Damari. Kwa hiyo wale wasemao kwamba dini zote ni njia moja, wasijifiche nyuma ya Paulo. Na wale wasemao kwamba kila kitu cha babu zetu ni cha Shetani, nao wasijifiche nyuma yake. Aliheshimu, kisha akahubiri. Mkristo hana budi kufanya yote mawili.

Ushahidi mwingine tunao kinywani mwetu wenyewe. Kila siku twasali kwa Kiswahili. Neno hili Mungu ni la Kibantu, ndugu yake Mulungu, nalo lilitamkwa na Waislamu wa pwani kabla Krapf hajafika Mombasa mwaka 1844. Sala, dhambi, nabii, malaika, imani, Injili, hata neno kanisa lenyewe, yote yametoka katika Kiarabu. Tukifungua Biblia yetu ya Kiswahili, iliyotoka mwaka 1952, twasoma habari za Kristo kwa maneno ambayo jirani yetu Mwislamu anayafahamu. Je, maneno hayo yamemwaibisha Bwana Yesu? Hapana. Yamemtumikia. Basi kama maneno kutoka Arabuni yaliweza kumtumikia, kwa nini jina la Wele lisiweze? Na leo Wakristo wengi wa Kibukusu huimba na kuomba kwa jina hilo bila hofu.

Haya yatusaidie nini nyumbani? Kwanza, yatusaidie siku za msiba. Wabukusu wana desturi ya kumuse, ambapo, siku chache baada ya maziko ya mzee wa heshima, msemaji husimama mbele ya watu akaeleza ukoo, historia na maonyo kwa walio hai. Mkristo aweza kuketi na kusikiliza, maana kukumbuka baba zetu si kuwaabudu. Hata Waraka kwa Waebrania, sura ya 11, wawataja wazee mmoja mmoja. Lakini tukiambiwa kwamba marehemu amekasirika na adai mbuzi ili asimwue mtoto, hapo tujibu kwa upole na bila kutetemeka: damu ya Kristo imetosha. Tusiutie ukumbusho na hofu katika gunia moja.

Pili, yatusaidie kwa vijana. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, ufikapo Agosti, wavulana wa Kibukusu hutahiriwa. Wazazi wengine Wakristo huwapeleka hospitali, wengine hufuata njia ya wazee. Jambo la kuogopa ni kijana kufunzwa mambo mawili asiyoweza kuyaunganisha: kanisani aambiwa mila ni uchafu, na uani aambiwa kanisa ni la wageni. Kijana wa namna hiyo hukua akiwa na mioyo miwili. Masinde alilelewa kati ya sauti mbili kama hizo, nazo hazikupatanishwa. Baba na mzee wa kanisa waketi pamoja na kijana kabla ya siku yake. Wamwambie lipi ni heshima ya ukoo, lipi ni ulevi na matusi tu, na nani aliye Bwana wa yote.

Tatu, yatusaidie kwa majirani. Mjini Kitale na mjini Bungoma adhana husikika kama vile kengele zetu zisikikavyo. Wafuasi wa Dini ya Msambwa nao hawajakwisha. Hatukuitwa kuwashinda kwa kelele za vipaza sauti. Mtu akiitwa mshenzi, hufunga mlango wa boma lake, na hapo hata mwenye dawa hapati njia ya kuingia. Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza, sura ya tatu, atufundisha tuwe tayari kueleza tumaini letu, lakini kwa upole na heshima.

Wapenzi, watu 11 walianguka Malakisi, na wengine wengi Chetambe kabla yao. Mungu aliwaona. Hakuwa mgeni kati yao siku ile, wala hakuwa akingoja meli ya wamisionari. Tunda la Injili katika nchi hii liwe kwamba asiwepo tena mtu wa kumwaga damu ya mwenzake, wala kumdharau, kwa sababu ya jina analomwita Mpaji. Na kwamba wote wapate kumjua Mwana aliyetolewa na Mpaji huyo.

Tuombe.

Ee Mungu Baba, Mpaji wa vyote, wewe ulikuwa mlimani kabla yetu. Twakushukuru kwa sababu hukujiacha bila shahidi kwa baba zetu. Twakushukuru zaidi kwa Yesu Kristo, aliyekufa na kufufuka. Utupe masikio ya kuwasikia wazee, na ujasiri wa kulitaja jina la Mwanao. Wabariki jirani zetu wakuombao kwa njia nyingine, na utuongoze sisi na wao katika kweli yako. Amina.